Hesabu Hazikukukataa, Mdogo Wangu

Sogeza kigoda ukae, mdogo wangu. Leo nina neno na wewe, na tafadhali usinune kabla sijamaliza.

Juzi nilikuwa Omurushaka nasubiri gari la Nkwenda. Unaijua njia panda ile, ukikosa gari la kwanza utakaa hadi vumbi likuzoee. Pembeni yangu mama mmoja kijana alikuwa ananunua dagaa, na mtoto wake, kama wa darasa la tano hivi, kasimama naye kashika mfuko. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za migomba, na mimi kwa umbea wangu nikamuuliza mtoto shule inaendaje. Kabla hajafungua kinywa, mama akamjibia: "Hisabati kapata 11 kati ya 50. Wala simlaumu, dada, kanirithi. Mimi hesabu zilinikataa tangu darasa la nne." Akacheka. Muuza dagaa naye akacheka. Mtoto akainamisha kichwa akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

Sasa sikiliza kilichofuata. Dagaa vikombe vitatu, kila kikombe shilingi 1,500. Mama akatoa noti ya 10,000. Muuzaji bado anapapasa chini ya kitenge anakoficha hela, yule mama keshasema: "Nirudishie elfu tano na mia tano, na hiyo noti ya elfu mbili iliyochanika usinipe."

Nilimtazama nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, wewe uliyekataliwa na hesabu, hiyo uliyoifanya sasa hivi kabla ya mwenye biashara yake ni nini? Akanijibu bila wasiwasi: "Aa dada, hii ni ya kawaida tu."

Ya kawaida tu! Neno hilo limenifuata hadi nyumbani, ndilo limenikalisha hapa niandike. Wangapi kwetu huku, Karagwe na Kyerwa, tumejiandikia talaka na hesabu tukiwa na miaka kumi, kisha tukaishi nazo nyumba moja maisha yote bila kuzisalimia? Sikucheki. Na mimi ni mmoja wenu, nitakuambia huko mbele nilivyoumia.

Wiki hiyohiyo mtoto wa kaka yangu alikuja kulala kwangu. Usiku tumewasha taa ya sola, kafungua daftari la miraba mezani, nami nachambua maharage. Nikaona msalaba mwekundu wa mwalimu juu ya swali fupi kabisa: 10 − 3 + 2. Kaandika 5. Nikamuuliza, umefikaje hapo? Akajinyoosha kama askari: "MAGAZIJUTO, shangazi. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha inatangulia, toa inafuata. Tatu na mbili ni tano. Kumi toa tano, tano."

Sikumgombeza. Nikamwambia, haya weka kalamu chini. Babu amekupa elfu kumi. Umenunua daftari za elfu tatu. Shangazi nimekuongezea elfu mbili. Mfukoni una ngapi? "Elfu tisa." Hakupepesa hata jicho. Nikamwonesha daftari: mfukoni tisa, hapa tano, na namba ni zilezile. Imekuwaje? Akatazama daftari, akanitazama mimi, akanipa jibu ambalo sijalisahau: "Shangazi, ile ya mfukoni si hesabu. Ile ni hela."

Umeona, mdogo wangu? Mama wa Omurushaka anasema ni ya kawaida, mtoto anasema ni hela. Wote wanakwambia jambo moja, kwamba hesabu ni kile kitu cha ubaoni kisichohusiana na kitu kingine chochote. Na mtoto huyu si mvivu. Kakariri kama alivyoambiwa. Tatizo ni kwamba MAGAZIJUTO ameibeba kama dua. Hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa ngazi moja, hakuna mkubwa, unakwenda nazo kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma. Kugawanya na kuzidisha nako vivyo hivyo. Angeelewa ni kwa nini, asingehitaji hata kuimba. Kwa kuwa hakuelewa, wimbo ulimpeleka shimoni naye akiuimba kwa sauti nzuri.

Wala usidhani ni sisi tu wa huku migombani. Mwaka 1985 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Brazili, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha habari za watoto watano wauza bidhaa barabarani katika mji wa Recife. Waliwafuata kwenye biashara zao kama wateja wa kawaida, wakawauliza bei. Watoto wakapata majibu 98 katika kila mia. Kisha wakawakalisha chini kwa karatasi na kalamu, namba zilezile, safari hii hesabu tupu kama za ubaoni: wakapata 37 katika kila mia. Mmoja, mtoto wa miaka 12 muuza nazi, aliulizwa nazi kumi ni bei gani, na moja ni 35. Akahesabu kwa sauti: tatu ni 105, tatu nyingine zinafika 210, tatu tena 315, ongeza moja, 350. Shule ingemwambia aweke sifuri nyuma ya 35 yaishe. Yeye hakuwa na habari ya sifuri, ila kila hatua aliyoikanyaga alijua kaikanyaga kwa nini.

Nenda Murongo, pale Kyerwa inapopakana na Uganda, utamkuta mtoto wa namna hiyo. Anauza mayai na karanga, anapokea shilingi za kwetu na za ng'ambo ya mto Kagera, anageuza bei huku na huku kichwani, na chenji inatoka sawasawa. Jumatatu mwalimu akiandika ubaoni neno "uwiano", mtoto yuleyule anainama asije akaitwa.

Nikwambie kitu ambacho wazazi wengi hatujawahi kukisikia, maana hakuna aliyetuketisha akatueleza. Ule muhtasari wa Hisabati wa darasa la tatu hadi la saba, uliokuwa ukitumika kabla ya huu mtaala mpya wa Taasisi ya Elimu ulioanza Januari 2024, ulimtaka mtoto atoke na mambo matatu makubwa. Aweze kutumia lugha ya hesabu kueleza wazo au hoja yake. Aweze kufikiri na kuhakiki mambo katika maisha ya kila siku. Aweze kutatua matatizo katika mazingira mbalimbali. Soma tena polepole. Kueleza, kuhakiki, kutatua. Umeona mahali wameandika kukariri? Umeona mahali wameandika kuwahi kumaliza kabla ya jirani? Kujumlisha na kuzidisha vimo, lazima viwemo, ndiyo majembe yenyewe. Lakini jembe halinunuliwi ili litundikwe ukutani.

Neno "kuhakiki" nalipenda kuliko yote. Kuhakiki ni kusimama mbele ya jibu, la kwako au la mwenzako, ukauliza: hili linaweza kuwa kweli? Mtoto wa kaka yangu angehakiki tano yake, asingehitaji msalaba mwekundu. Na mimi, dada yako mwenye maneno mengi, ningehakiki mwaka ule, nisingelia nilivyolia.

Haya, aibu yangu ndiyo hii. Ada ilifutwa tangu Januari 2016, kweli, lakini unajua Januari ilivyo: sare, viatu, madaftari, na mfuko mtupu kwa kuwa kahawa bado ina miezi. Nikahitaji shilingi 60,000. Akaja mtu, simtaji, alikuwa mpole mno, akaketi akanywa chai yangu. Akasema, chukua elfu sitini yako leo, mwezi wa sita kahawa ikikauka utanipa gunia moja tu la maganda. Gunia moja! Nikatazama mibuni yangu ilivyobeba, nikaona kama namdhulumu yeye. Hiyo ndiyo butura, mdogo wangu, usijifanye huijui. Kuuza kahawa ikiwa bado mtini, mara nyingine ikiwa bado maua.

Sasa tuhesabu ambacho sikukihesabu. Tufanye mnadani maganda yanakwenda shilingi 3,000 kwa kilo, ni mfano tu, bei hupanda na kushuka. Gunia lile hakulipima kwa mizani, alilijaza akalishindilia kwa goti, akaongeza kilemba juu, lumbesa halisi, tufanye ni kilo 60. Zidisha. Ni shilingi 180,000. Nilichukua 60,000 nikarudisha 180,000, mara tatu, ndani ya miezi mitano. Na pale pale jirani kulikuwa na kikoba cha akina mama, riba asilimia 10 kwa mwezi, nilichokikataa kwa kusema wale wana riba kali. Riba kali! Asilimia 10 ya elfu 60 ni 6,000. Mara miezi mitano, 30,000. Ningelipa 90,000 yakaisha. Yaani niliikimbia riba kwa kuwa ilikuwa na jina la riba, nikaikumbatia kubwa zaidi kwa kuwa ilikuja imevaa gunia.

Siku ya kulipa nakumbuka mlio wa yale maganda yakimiminwa, yakavu, yanalia chaka chaka, kila buni ndani ya ganda lake. Nilikaa kizingitini. Mama mkwe alipita akanitazama, hakusema kitu. Angesema ningeumia kidogo. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walishamaliza, ila mimi niliimba methali ile tangu shuleni sawa na mtoto anavyoimba MAGAZIJUTO, sikuwahi kuiweka kwenye mizani.

Sasa niambie, kuzidisha 60 kwa 3,000 nilikuwa sijui? Najua tangu darasa la nne. Asilimia nilifundishwa, nikafanyia na mtihani, nikapata. Kilichokosekana ni akili ya kuona kwamba hapa pana hesabu. Hakuna aliyeniandikia juu yake "Swali la 7". Hakuna aliyenipa machaguo A, B, C, D. Mtu kaja na upole na chai, na ubongo wangu ukaliweka lile jambo kwenye kapu la ujirani. Viongozi wamekemea butura miaka nenda rudi, ushirika nao una minada yake, na bado Januari ikifika yule mpole anabisha hodi. Kukemea si kubaya. Ila mtu aliyefundishwa kuuliza "kilo ngapi, mara shilingi ngapi, kwa miezi mingapi" anakuwa na mlinzi asiyelala.

Najua utaniambia: dada, hata ningehesabu, shida ilikuwa imenikaba, ningefanyaje? Nakuelewa, wala sikuhukumu. Shida haijui jedwali la kuzidisha. Lakini aliyehesabu angalau anajua anaumia kiasi gani, na anayejua anaweza kubembeleza: nipe kwa kilo 30 badala ya gunia, tupime kwa mizani, tuandikishane mbele ya balozi. Asiyehesabu hubaki kushukuru. Mimi yule mtu nilimshukuru, mdogo wangu. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Kuna mtihani mdogo nataka uufanye jioni ya leo. Mwite mwanao, au mdogo wako, umwambie: mchungaji ana ng'ombe 26 na mbuzi 10, je, mchungaji ana umri gani? Kisha kaa kimya. Usicheke, usikonyeze. Kuna uwezekano mkubwa akakuambia miaka 36. Mjini Grenoble, Ufaransa, kuelekea mwaka 1980, watafiti waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali la namna hiyo, la kondoo 26 na mbuzi 10 ndani ya merikebu, wakataka umri wa nahodha. Watoto 97 waliulizwa. 76 wakatoa umri. Watoto wenye akili timamu kabisa! Ila shule ilikuwa imewazoesha kwamba swali likitoka kwa mkubwa lazima lina jibu, na namba zikiwa mbili kazi yako ni kuzichanganya.

Wenzangu waliojaribu nyumbani hunipigia simu wakicheka, na kicheko kinakatika nikiwauliza: na ninyi je? Mwaka 2009 DECI, ile taasisi ya upatu, ilipokuwa ikipokea "mbegu", yaani hela za watu nchini, hadi serikali ikaisimamisha, wangapi waliketi wakauliza hiyo faida inatoka shamba gani? Tulipewa namba mbili, unayopanda na utakayovuna, tukazichanganya tukapata furaha. Huo nao ni umri wa nahodha. Na hesabu yake ni ya darasa la sita tu. Tufanye kila anayeingia lazima alete wawili ili alipwe. Wawili huleta wanne, wanne wanane, wanane kumi na sita. Inaonekana safari ndefu, tena ya kupendeza. Endelea kuzidisha kwa mbili kwenye karatasi, usichoke. Duru ya 10 inahitaji watu 1,024. Duru ya 20 inapita milioni 1. Duru ya 22 inahitaji zaidi ya milioni 4, na mkoa mzima wa Kagera, ukichukua watu kutoka Bukoba hadi Ngara pamoja na vichanga mgongoni, sensa ya 2022 haikufikisha milioni 3. Watu watatoka wapi? DECI ilikwenda, na nyingine zilikuja na zitakuja kwa majina matamu zaidi, siku hizi zinakuja kwenye simu. Ukiletewa, chukua karatasi kwanza uanze: mbili, nne, nane.

Nimekwenda mbali, nirudi kwa yule mtoto wa Omurushaka aliyetazama vidole. Kuna maneno tunayasema mbele ya watoto kama mzaha, na mtoto huyameza mazima. "Kanirithi." "Ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu." "Huyu kilaza, mdogo wake ndiye kipanga." Na hili la kuwaambia mabinti kwamba hesabu ni za wavulana, wakati humo humo ndani binti ndiye anayetumwa dukani, ndiye anayejua unga wa siku ngapi umebaki kwenye debe, sijui tunalitoa wapi. Mtoto ukimwambia hesabu zimemkataa, anaacha kubisha hodi. Anakaa darasani akisubiri kengele. Miaka inapita, anafika kidato cha nne, anaungana na wengi: mwaka 2022, mtihani wa kidato cha nne nchi nzima, aliyefaulu Hisabati alikuwa kama mmoja kati ya kila watano. Wanne waliobaki wote ukoo wao hawana kichwa? Taifa zima limerithi?

Na usiwalaumu walimu peke yao, nitakugombeza. Mwalimu mwenye watoto mia kwenye chumba kimoja, ukimwambia amuulize kila mmoja "umejuaje", jua litazama yuko dawati la tatu. Sehemu ya kazi hiyo ni yako, na haihitaji cheti. Inahitaji swali lako libadilike. Mtoto akirudi unamuuliza umepata ngapi. Muulize, umejuaje? Akisema anajua kwa kuwa mwalimu kasema, mwambie unataka ya kwake. Akieleza kwa vijiti, kwa punje za maharage, kwa Kinyambo, kwa kuchora chini na kidole, mwache. Akieleza akakosea, usimkatize. Nusu ya safari atajisikia mwenyewe akatulia, atasema "subiri kwanza". Hiyo "subiri kwanza" ndiyo kuhakiki kwenyewe, mdogo wangu. Ukiisikia jikoni kwako, hata kama jibu bado halijapatikana, wewe pika chai ya maziwa.

Mpe kukadiria pia. Mkungu huu una vichane tisa, kila kichane ndizi kama ngapi, zitatosha wageni kumi na wawili? Kabla ya kupima shamba kwa kamba, mwambie abahatishe hatua kwa macho, mwandike, kisha mkapime. Asipokaribia msimcheke, muulize safari ijayo ataangalia nini. Anayezoea kukadiria hadanganywi kirahisi na kalkuleta, maana hata kalkuleta ikibonyezwa vibaya hutoa jibu kwa ujasiri uleule.

Halafu kuna lile daraja la kidato cha kwanza, ambalo watoto wetu wa shule za serikali hulivuka usiku bila taa. Miaka yote kasoma kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika, KDS na KKS, kavizoea. Anafika sekondari, wazo ni lile lile, ila limebadilishiwa jina na kuvalishwa Kiingereza. Mtoto anadhani ameletewa kitu kipya, na kwa kuwa haelewi maneno anaamini haelewi hesabu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Binti mmoja wa jirani yangu Nkwenda aliniambia anaipenda Hisabati lakini "maswali yake siyasikii". Sikumwacha aende hivyo. Tulitengeneza daftari lenye safu mbili, neno la msingi huku, neno la sekondari kule, akawa anaongeza matano kila Jumapili. Hajawa wa kwanza darasani, sitakudanganya. Ila ameacha kuketi nyuma.

Sikuambii haya ili kila mtu awe injinia. Mibuni inahitaji watu, na ugali hauivi kwa fomula. Nakuambia kwa sababu nimekaa kizingitini nikisikiliza gunia langu likijazwa, na sitaki wewe ukae pale. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe bila mtu wa kuliuliza maswali ni karatasi za kufungia karanga.

Mama wa Omurushaka, ukinisoma najua utajitambua, maana nimeeleza hadi dagaa wako. Tulipopanda gari uliniambia kwa sauti ya chini kwamba na wewe mwaka huu umeshachukua hela ya watu kwa butura, gunia moja na nusu, na hujui utamwambiaje baba watoto. Njoo nyumbani Jumamosi. Nimeulizia mizani kwa jirani, atatuazima. Njoo na karatasi mliyoandikishana, kama mliandikishana, na kama hamkuandikishana njoo na tarehe unayoikumbuka. Na mtoto mje naye. Simu acheni, tutahesabu kwa kalamu, na yeye ndiye atakayeshika kalamu.